Ngata na Springi Nyekundu

Binamu yangu Alfonce alirudi kutoka Kahama na springi nne nyekundu, shokapu nne za manjano na maarifa ambayo hakuna aliyemwomba. Ulikuwa mwaka 1996. Malori ya chakula cha wakimbizi wa kambi ya Lukole yalikuwa yameichana barabara mpaka mbavu zikaonekana, na kila mwenye gari wilayani Ngara alikuwa akilia. Alfonce peke yake alikuwa akicheka. Kigari chake, ambacho awali kililala kila kona kama mlevi anayetafuta ukuta, sasa kilisimama wima. Alituita mmoja mmoja tulikandamize boneti kwa mikono miwili. Tulikandamiza. Halikubonyea.

"Limeimarika," alisema.

Nilimwambia limekakamaa. Maiti naye hukakamaa, na hakuna anayemsifu.

Akanijibu kwamba mimi najua maneno, yeye anajua magari. Maneno niliyoyajua yalitosha kunieleza kuwa springi imeumbwa ibonyee, na kwamba mtu anayelipa ili isibonyee amenunua rangi nyekundu. Lakini nyumbani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza. Kesho yake tulikuwa tunapeleka posa ya kaka yangu Danstan, na gari lilihitajika.

Tulikuwa tunatoka Bugarama kwenda Murusagamba, kwa kina Leonsia, binti tuliyekuwa tunamposea. Safari ya kwanza malori yalikuwa yametufungia njia tukafika jioni, na baba yake Leonsia akatupokea kwa uso wa mtu aliyekwisha kula. Akatupa siku nyingine, kabla ya saa sita mchana, na kusema wazi kuwa ya tatu haitakuwepo. Kulikuwa na nyumba nyingine inasubiri nyuma yetu. Kwao, kama kwetu, pombe ya ndizi ya posa huja katika mtungi mmoja uliojaa mpaka shingoni, na shangazi wa binti ndiye anayeufungua. Mtungi ukivunjika njiani, hakuna hotuba ya kuurudisha. Danstan hakuwa amekula tangu jana. Alinishika mkono akasema neno moja tu: "Mtungi."

Baba na wazee walitangulia kwa miguu tangu alfajiri. Mtungi tukaachiwa sisi watatu: Alfonce, mimi, na shangazi yetu Auleria. Shangazi alikuwa amesokota ngata nene ya majani makavu ya mgomba, akaiweka kwenye kiti cha nyuma ili mtungi ukae juu yake. Alfonce akaichomoa kwa vidole viwili, akaitupa nje. Gari lake, alisema, halikuwa kichwa cha mchota maji.

"Shangazi, ngata ni ya wasio na shokapu."

Shangazi akaiokota, akaikalia.

Nitasema kweli, maana sihitaji uongo ili kumshinda Alfonce. Kipande cha kwanza cha barabara kilikuwa kimetoka kuchongwa na kushindiliwa kwa ajili ya malori, na hapo gari lilikwenda vizuri. Tulikata kona mbili kwa kasi na halikulala hata kidogo. Alfonce alinitazama kwenye kioo mpaka nikamwomba atazame mbele. Kama Ngara yote ingekuwa kipande kile, leo ningekuwa nimenyamaza.

Kisha tukaingia njia ya Murusagamba, yenye vituta vidogo vilivyopangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Gari lile la zamani, kabla ya springi, lingevimeza huku likipepesuka. Hili liliruka. Kila kituta kilirusha magurudumu juu, na kabla hayajarudi chini cha pili kimeshafika. Kwenye kona Alfonce akakata usukani, na gari, ambalo lilikuwa hewani zaidi kuliko ardhini, likanyoosha moja kwa moja kwenye shamba la maharage. Gurudumu lisilogusa chini halishiki barabara, hata ulifungie springi za dhahabu. Niliukumbatia mtungi; povu likapenya kwenye kizibo cha majani na kunitiririka kifuani.

Alfonce alieleza kwamba kosa lilikuwa mwendo wetu mdogo. Springi kama zile, alisema, zinapenda kasi.

Shangazi akafungua mlango. "Alfonce mwanangu," akasema, "niteremshie mzigo wangu."

Alfonce akacheka, akatukumbusha kuwa bado ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.  Shangazi aliweka ngata kichwani pangu, wakanitwika mtungi, nikaanza kutembea. Miguu yangu ilijikwaa na kuteleza, lakini ngata ilibonyea kidogo, ikarudi kidogo, na mtungi haukujua kama barabara ni mbovu. Alfonce akalitoa gari shambani, akatupita kwa honi, akisema anakwenda kuwaarifu wakwe kwamba tunakuja.

Tulimkuta kona ya tatu. Gari lilikuwa mtaroni, pua ndani ya mihogo, gurudumu moja likining'inia hewani. Yeye mzima, amekaa juu ya boneti. Hata pale halikubonyea.

Tulifika jua halijafika utosini. Nilimwamkia Deodata, shangazi yake Leonsia, bila kuinama, maana shingo siku hiyo haikuwa yangu. Wakanitua. Deodata akafungua kizibo, akachungulia. Pombe ilikuwa imeshuka kidole kimoja chini ya shingo. Baba yangu akatazama miguu yake.

"Umetikiswa huu," alisema Deodata.

"Umetikiswa na gari," shangazi Auleria akamjibu. "Tulipouteremsha garini haukutikiswa tena."

Deodata akaichukua ngata mkononi mwangu, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea, ikarudi. Akaibonyeza mara ya pili. Kisha akachota, akanywa wa kwanza, akamgeukia kaka yake.

"Wamefika," akasema.

Alfonce alifika jioni, akivutwa na wanaume wanane. Aliwaeleza wazee kuwa springi zile bado ni laini. Atarudi Kahama kutafuta ngumu zaidi. Na siku ya kumleta Leonsia Bugarama, aliahidi kulitoa gari lake bure, limeoshwa, limefungwa maua.

Leonsia alikuja kwa miguu.