Gari Lililofundishwa Kunyamaza

Mume wangu ni fundi makochi, na tatizo lolote la dunia hii, kwake dawa ni sponji. Kiti kinauma? Sponji. Mlango unajibamiza? Sponji. Siku nilipougua mgongo aliniangalia kwa jicho la kupima, nikamwambia, "Thubutu!"

Kwa hiyo mama yake alipotangaza kwamba anahama kwa sababu ya gari letu, nilijua sponji iko njiani.

Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu baba mkwe afariki. Watu husema mkwe na mke wa mwana hawaivi chungu kimoja. Sisi tunaiva, tena tunakaa pembeni ya chungu hicho tukimsengenya mwanawe. Ana presha, na kila mwezi tunampeleka kliniki kwenye hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari letu ambalo majirani wamelibatiza Mashine ya Kusaga. Siwalaumu. Likishika kasi matairi yanavuma, sakafu inanguruma, na milango inalia kama masufuria yanayoporomoka kabatini. Mama hukaa nyuma apate kunyoosha mguu wake mbovu. Mimi na Fundi hukaa mbele, kila mtu na mawazo yake, maana kuongea mle ndani ni kupasua koo bure.

Mama lakini huongea. Huongea polepole, kwa sauti yake ile ya chini ya mtu aliyelelewa vizuri. Tukihisi tu kwamba kuna neno limetoka nyuma, Fundi huitikia kwa nguvu, "Ndiyo, Mama!" nami naunga mkono, "Kweli kabisa, Mama!" Adabu ni adabu. Mzazi humwambii "Unasemaje?" mara nne mpaka achoke na wewe.

Mwezi ule daktari alimwongezea dawa tena, presha haishuki na hata yeye daktari haelewi kwa nini. Tuliporudi nyumbani Mama alikaa jikoni akimenya vitunguu. Akasema bila kuinua macho, "Basi, nimeshaongea na kaka yako. Kliniki ijayo atanichukua palepale hospitali, nikakae kwake. Hilo gari lenu siliwezi tena." Kisha akatuangalia, kama mtu anayengoja kitu. Sisi midomo wazi. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Fundi alitoka nje, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, mwanaume mwenye mvi amejikunyata kama kifaranga.

"Kaka hajui hata Mama analala ubavu gani," akasema.

"Nami nitabaki kukusengenya na nani?" nikajibu. Nampenda yule mama, nisizungushe maneno.

"Kama ni kelele, nitazimaliza," akasema. "Mimi ni fundi."

"Wewe ni fundi makochi."

"Na gari ni nini? Kochi lenye matairi."

Jamani! Kesho yake karakana yake ilifungwa na gari likavuliwa nguo. Viti vilitolewa, zulia likang'olewa, na chini yake tukakuta sindano zangu zilizopotea na biskuti ngumu kama kokoto. Fundi akashindilia sponji kila mahali, chini ya zulia, nyuma ya siti, ndani ya milango. Nikamuuliza, "Na kioo kitashuka wapi?" Akanipungia mkono niende zangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila wangu alivunja mkono wa kupandishia kioo. Kioo cha upande wangu kilikwama katikati, kisipande wala kisishuke.

Halafu mvua ikanyesha. Sponji ile ya makochi inakunywa maji kama ngamia, na Fundi alikuwa ameziba hata vile vitundu vya chini ya mlango vinavyotoa maji. Tulipolijaribu barabarani lilikuwa linanguruma vilevile, na juu ya hapo kila kona milango ilicheua maji. Fundi alishika usukani, uso umemkauka. Mimi nilicheka mpaka nikalia.

"Cheka tu," akasema. "Mama akiondoka utacheka na nani?"

Kicheko kikanikauka.

Sasa mimi ni fundi cherehani, na kelele za chuma nazijua. Zamani meza yangu ya bati ilikuwa inalia kila ninaposhona, hata wateja wanaziba masikio. Nikabandika chini yake kipande kizito cha mpira wa tairi, ikanyamaza. Nikampeleka Fundi kwenye gari, nikagonga sakafu kwa kijiko. Ikalia ngoo! Nikaiwekea kiganja, nikagonga tena. Ikatoa sauti fupi, butu, ikakata.

"Umesikia? Bati linalia kwa sababu ni jembamba na halina mzigo. Lipe kitu kizito kilichoganda nalo, ndipo uweke laini juu yake. Wewe unamfunika shuka mtoto anayelia njaa."

Akagonga mwenyewe, akagonga tena. Kisha akasema, "Nilikuwa nalifikiria hilo." Mwongo! Nikamwachia.

Tukatoa sponji yote, tukakausha, tukasugua kutu. Tukanunua yale mabamba ya lami yenye karatasi ya kung'aa, ya kuzibia mapaa yanayovuja, tukayapasha kwa mashine ya kukaushia nywele, tukayabandika kwenye bati la sakafu na lile la juu ya magurudumu, na Fundi akayakandamiza kwa kijiti changu cha kusukumia chapati, ambacho hadi leo kinanuka lami. Juu yake tukaweka povu zito lisilokunywa maji, kisha zulia. Milango ikapata mabamba na mipira mipya, kioo changu kikatengenezwa, vitundu vya chini tukaviacha wazi. Tulifanya kazi bega kwa bega, tukitukanana kwa mapenzi. Mama alipita mara kwa mara akatuangalia, akatikisa kichwa, akaenda. Nguo zake alikuwa ameshazipanga kwenye begi.

Siku ya kliniki ikafika. Begi likaingia nyuma ya gari, mimi nikajifanya silioni. Fundi akawasha, tukatoka mpaka barabara kuu, akaongeza mwendo.

Kimya. Sisemi kimya cha msikitini, matairi bado yalivuma kwa mbali, lakini nilimsikia mume wangu akimeza mate. Akanigeukia, meno yote nje. Nami nilikuwa najiandaa kumwambia asijisifu, ndipo sauti ya Mama ikaja kutoka nyuma, ndogo, safi, kila neno mahali pake.

"Mwanangu, ukipata pa kusimama, simama kidogo. Nimebanwa."

"Ndiyo, Mama!" akajibu Fundi kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi, na gari likaendelea.

Nikamtazama. Naye taratibu akanitazama.

"Umesikia ulichoambiwa?" nikamuuliza.

Alikanyaga breki tukarushwa mbele sote. Kituo cha mafuta kilikuwa karibu, akaingia kwa pupa. Mama alishuka na kwenda haraka, haraka ileile aliyokuwa akishuka nayo hospitali, ambayo sisi tulikuwa tunamtania kwamba ana miguu ya binti. Moyo ukaniuma hapohapo.

Aliporudi akakaa mahali pake, Fundi hakuwasha gari.

"Mama, siku zote ulikuwa unaomba tusimame?"

"Kila safari. Kile kidonge cha maji mnachonipa asubuhi, mnadhani maji yake yanakwenda wapi? Mwisho nikawa sikimezi siku za kliniki. Na maji sinywi tangu jana yake."

Ndiyo maana kila ikipimwa presha haijashuka! Nikashika kichwa. "Mama yangu, kwa nini hukupaza sauti?"

"Nipaze sauti nimwambie mwanangu wa kiume nimebanwa? Mimi?" Alituangalia kama watu waliokosa malezi. "Tena kwa nini nipaze, na mnanijibu? Nasema simameni, mnasema ndiyo Mama, kweli kabisa Mama, na gari linakwenda. Nikajua mmenisikia."

Fundi aliinamisha kichwa kwenye usukani, honi ikalia, akashtuka, akakiinua. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Hatukusikia, Mama. Tulikuwa tunaitikia tu. Hatukuwahi kusikia hata neno moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mama akasema, "Kumbe hata yale niliyokuwa nakwambia juu ya mkeo yalipotea bure."

"Yapi hayo?" nikauliza.

"Wewe nyamaza kwanza." Lakini hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. "Safari iliyopita, tukirudi, niliwauliza jambo. Niliwauliza kama nimeshawachosha, kama ni afadhali niende kwa kaka yenu."

Hakuna aliyemwuliza tulimjibu nini. Nilijiona nimekaa pale mbele, nikiunga mkono kwa sauti ya juu, nikiangalia miti inavyopita.

Kwenye pampu kijana alikuwa anafuta vioo vya gari la mtu. Ndani ya gari letu nilisikia pumzi za watu watatu.

"Sasa nawauliza tena," akasema Mama. "Niende?"

"Hapana, Mama," akasema Fundi.

Katika maisha yetu yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akimkatalia mama yake kitu. Mimi safari hii sikuunga kwa maneno, nikanyoosha tu mkono nyuma nikamshika mguu wake mbovu.

Mama akavuta pumzi ndefu, akajifuta uso, akajiweka vizuri kwenye siti.

"Haya, mpigie kaka yako mapema, asije akafunga kazi bure. Na uwashe gari, tutachelewa foleni."