Mti wa Bwana Mkubwa

Fundi miwani alimheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Tangu amwoe binti yake, wawili hao walikuwa wakiamkiana vizuri, wakiulizana habari za kazi na za afya, kisha kila mmoja anatazama upande wake mpaka mke aje kuwaokoa. Ugomvi hawakuwa nao. Walikuwa hawana la kuongea, basi.

Ndipo paa la nyumba ya mama likaanza kuvuja. Mafundi walipanda, wakatikisa vichwa, wakasema lazima lote lishushwe, na mama akahamia kwa binti yake kwa muda. Alikuja na sanduku moja, mto wake wa kulalia, na Bwana Mkubwa.

Bwana Mkubwa alikuwa paka. Wageni walipomwona mara ya kwanza waliuliza kama ana mimba. Alikuwa dume, kifua kama cha mpiga ngumi, mkia mnene kama brashi ya kusafishia chupa. Mama alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na alipenda kumpima kwenye mizani ya watoto wachanga aliyopewa siku ya kuagwa. Miguu yote minne ilining'inia nje.

Tena huyo paka hakupenda kukaa chini. Alianza na friji, akahamia juu ya kabati, kisha siku moja wakati wa chakula akaijaribu rafu ya ukutani. Rafu iling'oka. Vitabu, redio, picha ya harusi na paka vikashuka pamoja, na aliyetua salama ni paka peke yake.

"Nisamehe, bwana," mama alisema, akiokota vioo vya picha. "Nitamtafutia mahali pa kukaa."

"Hapana, mama. Rafu yenyewe ilikuwa imechoka."

"Uliipigilia mwezi uliopita," mke wake alisema, na fundi akainamia sahani yake.

Mke alikuwa na zamu dukani Jumamosi, kwenye duka la dawa, kwa hiyo aliamua yeye: mume na mama waende wakanunue mti wa paka, ile minara yenye nguzo za kukwarua na vibao vya kulalia. Fundi alitaka kusema kwamba angeweza kwenda peke yake, lakini mke alishafunga mlango.

Kwenye duka la vifaa vya wanyama fundi alivutiwa na mti mweupe, mwembamba, wenye manyoya yaliyoning'inia kwenye uzi. Aliona jinsi utakavyopendeza na mapazia. Mama aliweka kiganja juu yake, akaegemea kidogo, na mti ukayumba kama mlevi.

"Wengi wanachukua huu, mama," mwuzaji alisema.

"Wengi hawana huyu." Mama akamwonyesha picha kwenye simu. Mwuzaji aliitazama, akaitazama tena, kisha akawaongoza nyuma kabisa ya duka.

Huko palikuwa na mti wa rangi ya viazi. Haukuwa na uzuri wowote. Kitako chake kilikuwa kipana, nguzo zake nene kama paja zilizungushiwa kamba ya katani, na vibao vyake vilikuwa na kingo. Mama alitoa futi ya fundi cherehani kwenye mkoba, akapima kibao cha juu.

"Hapa mwili wote unaingia. Kule mbele tungeweka kichwa tu."

Fundi alipiga magoti, akachungulia chini ya mti. "Na hizi ni bolti, mama, zimepita katikati ya nguzo. Ingekuwa skrubu za mbao, kwa uzito ule zingechomoka."

Mama alimtazama. "Kumbe unavijua vitu hivi?"

"Skrubu ndiyo maisha yangu, mama. Ila zangu mtu akipiga chafya zimepotea."

Mama akatabasamu. Wakauchukua ule wa viazi.

Nyumbani fundi alikunja mikono ya shati, akatandaza vipande sakafuni, na karatasi ya maelekezo akaikalia. Mama alikaa kwenye kochi, mikono mapajani. Fundi alifunga nguzo mbili, akafunga kibao, akafunga nguzo nyingine, jasho likimtoka. Alipousimamisha mti, kibao kikubwa kilikuwa kimetazama chini, zulia lake la kulalia likielekea sakafuni kama popo.

Akamgeukia mkwewe. "Mama, umeliona hili tangu lini?"

"Tangu ulipokishika."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuheshimu."

Fundi akashusha spana. "Mama, naomba leo heshima tuiweke pembeni. La sivyo tutalala hapa."

Mama alifikiri kidogo. Kisha alivua viatu, akashuka sakafuni, akaichomoa karatasi chini ya mkwewe na kuanza kusoma kwa sauti. Kazi ikaenda. Yeye alishika, fundi akakaza, mpaka walipofika kwenye nguzo ya katikati iliyogoma kuingia kwenye tundu lake.

"Sukuma," mama alisema. "Usisukume kwa shingo, sukuma kutoka chini. Haya, pumzika. Vuta pumzi. Sukuma tena, mwanangu, kichwa kimeshaonekana."

Fundi alijitahidi asicheke, akashindwa. Alianguka chali na nguzo yake. Mama alikuwa hajang'amua alichosema. Alipong'amua, alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Ilibidi wasubiri wote wawili wapate nguvu, na walipokuwa wakisubiri mama akamsimulia kisa cha baba mmoja aliyezimia mlangoni mwa wodi, akapewa kitanda kabla ya mke wake. Fundi naye akamsimulia kisa cha mteja aliyekuja kushtaki kwamba miwani yake imeibiwa, huku ameivaa kwenye paji la uso.

Nguzo iliingia. Fundi akaufunga mti ukutani kwa mkanda uliokuja nao, akautikisa kwa nguvu zote, haukutingishika.

Bwana Mkubwa alikuja, akanusa kitako, akauzunguka, akaondoka kwenda kula. Wakamwacha. Aliporudi alikwarua kamba mara mbili, akapanda kwa kishindo mpaka juu, akajizungusha na kujilaza, mguu mmoja ukining'inia ukingoni.

Mke aliwasikia tangu ngazini. Alipofungua mlango alimkuta mama yake sakafuni, miguu peku, na mume wake amelala kifudifudi akikaza tena bolti za chini, wote wakiongea.

"Kuna nini humu?"

Wakaanza kumweleza kwa pamoja.

"Mmoja mmoja," alisema, lakini hakuna aliyemsikiliza. Kochi lilikuwa limejaa makaratasi na maboksi. Akaweka mkoba wake mlangoni, akavua viatu, akajibana katikati yao.