Mfereji wa Nne

"Mama Muigai, hiyo kazi yako ya Muthangari ni ya kufua ama ni ya kupika?"

Aliyeniuliza ni Veronicah, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Uthiru, siku moja tukianika nguo. Nikamwambia ni ya kuosha vyombo. Sikudanganya, kazi yangu ni hiyo. Lakini sikusema ni vyombo gani, na Veronicah, ambaye tunakaa benchi moja siku za gildi, ile jumuiya ya kina mama kanisani, hakuuliza zaidi. Mungu anajua nilivyoshukuru.

Huu ni mwaka wa tatu naosha kegi, yale mapipa ya chuma ya bia, na paipu zake. Kijana mwenye kazi anaitwa Quincy. Amekodisha stoo nyuma ya nyumba moja kubwa, na hapo anapika bia yake mwenyewe, si kama zile za viwanda vikubwa. Anapika ya ndizi, ya kahawa, ya wimbi. Ana adabu, huniita Mum, na hajawahi kuniinulia sauti. Mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe. Hata marehemu Ndegwa, baba Muigai, hakuwahi kuiingiza kwetu. Nilijiambia kwamba naosha vyuma tu, na chuma hakina dhambi.

Ukutani mwa ile stoo kuna mifereji minne. Nyuma ya ukuta ni chumba cha baridi chenye kegi, na kila mfereji una paipu yake nyembamba inayotoka kwenye kegi. Hizo paipu lazima zioshwe kwa kostiki, ile dawa ya watu wa kutengeneza sabuni. Unaijaza ndani ya paipu, unaiacha robo saa iule uchafu, halafu unapitisha maji, mtungi mzima wa lita ishirini kwa kila paipu, mpaka dawa yote itoke. Kostiki si ya kuchezea. Tone moja liliwahi kuniingia ndani ya gambuti, na nina kovu mpaka leo. Ukiimeza inakula koo na tumbo, na koo likishaliwa hivyo, mtu analishwa kwa mrija. Tena ikikaa ndani ya paipu inatoka na rangi ya bia. Hata povu inatoa.

Quincy alikuwa na karatasi ndogo za kupimia kama dawa imeisha. Zikaisha, akawa anasema ataleta. Mimi nilikuwa na kipimo changu. Kila Jumamosi kabla ya kufunga kazi napita mfereji kwa mfereji, nakinga maji ya mwisho kiganjani, nasugua vidole nione kama yanateleza, halafu naweka tone kwenye ncha ya ulimi. Ulimi unajua haraka.

Jumamosi ninayoizungumzia nilikuwa nimefunga. Gildi tulikuwa katika siku ya tatu ya kufunga, na tulikubaliana hakuna kitu kitakachopita mdomoni kabla ya saa kumi na mbili jioni, hata maji. Kwa hiyo sikuonja. Saa sita kamili, dawa ikiwa ndani ya paipu ya mwisho, simu yangu ililia. Ilikuwa saa ya maombi, ile ya kina mama wote kuomba pamoja kwa simu. Nikaegemea ukuta, nikafumba macho, tukaomba nusu saa nzima. Nilipofumbua nikakuta mpira wa maji umekunjwa na kutundikwa mahali pake. Nikafikiri, kumbe nimemaliza. Nikafuta sakafu.

Saa nane marafiki wa Quincy wakaja. Huwa anawaita wanaonja, wanamwambia ipi nzuri na ipi mbaya kabla hajaiuza. Kwanza nilisikia kicheko cha Debra, msichana anayefanya kazi ofisini Upper Hill, anayekuja kila mara. Halafu nikasikia sauti nyingine. Ilikuwa sauti ya Waweru, mtoto wa pekee wa Veronicah.

Nimemfundisha Waweru shule ya Jumapili. Na mwezi wa tano mimi ndiye niliyesimama mbele ya kanisa nikawaombea vijana wetu wanaopotezwa na chupa. Sikutaja jina, lakini Veronicah alilia, na watu wote wakajua. Tangu siku hiyo Waweru akinipita kwenye geti ananisalimu kwa meno.

Nikajibanza kwenye chumba cha kuoshea. Mlango wake una ufa, na kwa huo ufa naiona mifereji yote minne. Nilinuia kukaa hapo kimya mpaka waondoke. Nikageuka kumwaga maji ya kufutia, na hapo ndipo macho yalipoona mitungi.

Mitungi mitatu ilikuwa imelala, mitupu. Wa nne ulikuwa umesimama, umejaa mpaka shingoni.

Nikajiuliza, je, niliujaza tena? Wakati mwingine huwa nauchota tena kwa ajili ya sakafu. Na ule mpira ni mimi niliyeukunja, au ni Quincy alipopita kuunganisha kegi? Nilijaribu kukumbuka maji yakipita kwenye paipu ya nne. Niliyaona yakipita, lakini labda niliyoyaona ni ya paipu ya tatu.

Nje walikuwa wameanza.

"Tuanze na nyepesi," Quincy alisema. "Hii ni ya ndizi." Akafungua mfereji wa kwanza, akamwaga glasi ya kwanza kwenye ndoo, ndipo akawajazia. Nikapumua. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye humwaga glasi ya kwanza. Akimwaga ya nne hivyo, basi yatapita.

Debra akanusa. "Hii inanuka begi ya shule. Ile ndizi umesahau Ijumaa, unaipata Jumatatu na imeshikana na vitabu."

"Nyinyi mlikuwa mnapewa ndizi?" Waweru alisema. "Sisi ni kiazi kitamu, ngwaci baridi, na unakula ukiificha."

"Onjeni basi, wacheni kunusa kama wakaguzi," Quincy akasema.

Mfereji wa pili ulikuwa wa kahawa. Akamwaga tena glasi ya kwanza. Waweru akasema hiyo ni bia ya kunywea ofisini, bosi akiuliza unamwonyesha rangi. Debra akamwambia atalala mkutanoni na macho yamefunguka. Wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu: imebaki moja, halafu ile.

Alipofungua wa tatu na kuinamisha glasi juu ya ndoo, Debra akamshika mkono. "Wewe mbona unamwaga kila saa? Unalisha ndoo?"

"Glasi ya kwanza ni ya paipu."

"Paipu imeshiba. Lete hapa."

Quincy akacheka, akampa. Debra akanywa, na mimi nikashika ukuta mpaka nikamwona anapangusa mdomo.

"Uji wa wimbi," alisema. "Uji wa wimbi umeenda chuo."

Nikatoa simu, nikampigia Quincy. Nilitaka atoke aje huku nyuma nimnong'oneze. Simu yake ndiyo iliyokuwa ikiwapigia muziki, kwa hiyo wimbo ukakatika.

"Nani anakata ngoma?" Waweru aliuliza.

"Ni Mum wetu wa usafi. Ako tu hapo nyuma. Atangoja." Akanikata. Wimbo ukarudi.

"Si umwambie akuje aonje!" Debra alisema.

"Huyo? Huyo akikanyaga kifuniko cha chupa anatubu."

Wakacheka tena. Nikapiga mara ya pili, akakata hata kabla haijalia vizuri. Nikaanza kuomba. Nimewaombea wagonjwa, nimeombea mvua, lakini sijawahi kuomba maneno mafupi kama yale: Bwana, amwage. Amwage tu. Na moyoni nilijua ninachomwomba Mungu afanye ni kazi ya miguu yangu miwili, hatua sita kutoka pale nilipokuwa. Nilikuwa naogopa macho ya Waweru.

"Sasa hii," Quincy alisema, na sauti yake ikabadilika ikawa ya sherehe. "Hii ni ya asali. Hakuna mtu amewahi kuionja. Na asali ilitoka kwa Waweru."

"Kwa mathe," Waweru alisema. "Nilimwambia niko na kikohozi, akanipa chupa mbili."

"Haiya! Umeibia mamako kwa kukohoa!" Debra alipiga makofi.

"Kwa hivyo mimi sigusi," Quincy alisema. "Waweru, fungua mwenyewe. Glasi ya kwanza ni yako, na usimwage hata tone."

Waweru akashika mfereji wa nne, akaufungua. Nikaona kwenye ufa kitu cha njano kikishuka kwenye glasi, na povu jeupe likipanda.

"Ona povu!" Debra alisema. "Hii ndiyo itashinda zote."

Sikumbuki nikifungua mlango. Nakumbuka gambuti zangu zikitoa sauti ya maji sakafuni, na mimi nikiwa katikati yao na aproni yangu na kitambaa changu cha kichwa.

"Waweru! Weka chini!"

Glasi ilikuwa kidevuni. Aliniangalia kama mtu aliyemwona marehemu.

"Mama Muigai?" Akamgeukia Quincy. "Huyu ndiye Mum wa usafi?"

"Mwaka wa tatu huu. Kwani mnajuana?"

"Usinywe," nikasema. "Kuna kostiki kwenye paipu."

Uso wa Quincy ukaanguka. "Mum, si uliosha?"

"Tatu niliosha. Ya nne sijui."

"Hujui aje?"

"Sijui, Quincy. Kila mara mimi huonja nikimaliza. Leo sikuonja. Nimefunga."

Debra akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Amefunga," Waweru alisema polepole. "Sikieni hiyo. Anafunga kanisani, anaosha pombe Muthangari." Akanisogelea, glasi bado mkononi. "Ni mathe amekutuma?"

"Hapana. Mamako hajui niko hapa."

"Mwezi wa tano ulisimama mbele ya watu ukaniombea kama maiti. Mathe akalia wiki mzima. Sasa umenifuata mpaka kwa mabeshte zangu kuniambia bia iko na sumu. Hii mlipanga lini, kwa gildi?"

"Waweru, mwanangu, mimi..."

"Mimi si mwanako."

"Boss, hebu tuimwage tu," Quincy alisema. "Tufungue ingine."

"Tuimwage ndiyo ashinde? Unaona vile wanafanyanga? Hawa watu wakikosa neno wanakutisha." Akainua glasi.

Nikauweka mkono wangu juu ya mdomo wa ile glasi. Vidole vikaingia ndani. Nikavitoa, nikavisugua mbele ya macho yake. Viliteleza.

"Gusa uone," nikamwambia. "Gusa. Ni kama sabuni."

Akatumbukiza kidole, akakisugua na gumba. Nikadhani yamekwisha.

"Ni asali," alisema. "Asali itakosa kuteleza?"

Nikamtazama Quincy anisaidie. Alikuwa ameutolea macho ule mfereji, na niliona kwamba hata yeye hajui. Waweru alikuwa na macho yaleyale aliyokuwa nayo akiwa na miaka saba, anapokatazwa kitu mbele ya watoto wengine. Angekunywa. Angeinywa yote, mpaka chini, anione nikimwona.

Nikaishika ile glasi kwa mikono miwili. Hakutarajia, akaiachilia. Zilikuwa zimebaki saa nne nifungue, na ndani kulikuwa na dawa au kulikuwa na pombe, na sikutaka hata moja mdomoni mwangu. Nikainamisha glasi, nikagusisha ncha ya ulimi, kama kazini.

Mwanzoni kulikuwa na utelezi tu. Halafu moto. Si moto wa pilipili, huu ulishika mahali pamoja ukawa unachimba. Nikatema kwenye ndoo, nikatema tena, mate yakawa yanavuta kama uzi. Glasi sijui niliiweka wapi. Nilimsikia Debra akisema, "Ngai, Ngai, ulimi wake!" Akakimbia akaja na jagi la maji, akanishika kichwa kama mtoto, akawa ananimiminia mdomoni na mimi natema. Quincy alikuwa chumba cha baridi akizima kila kitu. Muziki ukanyamaza.

Nilipoweza kuinua uso nilimtafuta Waweru. Alikuwa amesimama palepale, akipangusa kidole chake kwenye suruali, anapangusa, anapangusa, na hakiishi kuteleza.

"Ilikugusa mdomo?" nikamwuliza. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka mabaya. Nikarudia. "Waweru, ilikugusa?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Osha mkono," nikasema. "Maji mengi."

Debra akamsogezea jagi. Akanawa, muda mrefu, bila kututazama. Quincy alirudi, akaninyooshea mkono kama anayetaka kuniomba msamaha au kuniuliza kitu, akaurudisha. Nilikuwa nimeketi juu ya kreti, kitambaa kimeanguka mabegani, mate na maji yakinichuruzika kidevuni, nikinuka asali na dawa. Nikangoja Waweru aseme. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kwa yale ambayo angeyapeleka nyumbani kwa mama yake jioni hiyo.

Alichukua jaketi lake kwenye kiti. Akasimama mbele yangu kidogo, akautazama mdomo wangu. Halafu akawapita Quincy na Debra, akafungua mlango wa chuma, akatoka nje.