Nukta Kati ya Ndugu

Tangu afanyiwe upasuaji wa koo, Walubengo hakuwa na sauti. Alichotaka kusema alikiandika kwenye ubao mdogo mweupe, na binti yake Nanyama akakisoma kwa sauti. Mzee hakujali nukta wala mkato. Nanyama, aliyemuuguza peke yake miezi yote ile, alijua sentensi inaishia wapi kwa kumtazama tu usoni.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Wakoli alifika nyumbani kwa Walubengo, mtaa wa Pioneer. Alikuwa mdogo wake Walubengo, akiishi Cheptiret, si mbali, lakini hospitalini hakuonekana hata siku moja. Alisalimia, akaketi ukingoni mwa kiti, akaanza kueleza habari za mahindi yake.

Walubengo aliandika kwa haraka, akampa binti yake ubao:

Hukuja hospitali wewe ni ndugu yangu kwa nini

Nanyama aliona kwamba maneno yale yangeweza kusomwa kwa njia mbili. Hakumtazama baba yake. Alisoma kwa hasira yake mwenyewe.

"Hukuja hospitali. Wewe ni ndugu yangu kwa nini?"

Wakoli akainuka. Alisema amesikia, na kwamba mtu akishakataliwa undugu hana la kungoja. Alikuwa ameshika komeo la mlango Walubengo alipopiga meza kwa kiganja, akamnyang'anya Nanyama ubao. Hakufuta neno lolote. Alitia nukta baada ya "hospitali", nyingine baada ya "yangu", akizikandamiza mpaka kalamu ikalia, kisha alama ya kuuliza mwishoni. Akamrudishia huku amemkazia macho.

Nanyama alihisi uso ukimchoma.

"Baba mdogo, ngoja. Nilisoma vibaya."

Akasoma upya, polepole. "Hukuja hospitali. Wewe ni ndugu yangu. Kwa nini?"

Wakoli hakugeuka. Akiwa ameuelekea mlango, alieleza kwamba alifika mpaka getini, na si mara moja. Kila mara alikumbuka baba yao alivyotolewa hospitali ileile akiwa amefunikwa shuka, na miguu ikakataa.

Walubengo akaandika tena: Ulifika

Safari hii Nanyama hakuthubutu kukisia. "Baba, unauliza ama unasema?"

Mzee alifikiri, akaweka nukta.

"Ulifika." Nanyama alisoma, sauti yake ikishuka.

Wakoli aliachia komeo, lakini hakurudi kitini. Alisimama palepale akilia kimyakimya, na Nanyama hakujua kama amsogelee au awaache.