Msimamizi Mpya

Tangu apandishwe cheo kutoka fundi cherehani hadi msimamizi wa kiwanda, yule mama hakutulia. Kila akipita kati ya mashine, vicheko vilikatika kama uzi mbovu. Hata shoga yake mpiga pasi, mwenye mimba kubwa, alimwita "bosi" na kuinamisha macho.

Siku moja uvumilivu ukamshinda. "Shoga, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Naogopa tu kulalamika mbele yako."

"Lalamika! Kuwasikiliza si ndiyo kazi yangu sasa?"

"Miguu imevimba. Nasimama kutwa."

Msimamizi alikwenda kwa meneja. Wakabishana mpaka sauti zikasikika nje, akarudi amebeba kiti cha meneja mwenyewe.

"Kaa," alisema. "Vingine vinakuja."

Wanawake wakaangua kicheko. Naye akacheka pamoja nao.