Kidani cha Lesi

Mtaa mzima ulimwita Mama Kesho, naye hakukasirika. Jina hilo alilipata kwenye kiti chake mwenyewe, nyuma ya cherehani, alipokuwa akiwashonea mabibi harusi magauni na kuwaahidi kuwa yatakuwa tayari kesho. Kesho ikifika, alikuwa na sababu. Umeme ulikatika. Uzi wa rangi ile umeadimika. Macho yanamuuma. Wateja walinuna, wakaondoka, wakarudi wakanuna tena, na siku walipojitazama kwenye kioo walimkumbatia huku machozi yakiwatoka, maana hakuna aliyejua kukaza kiuno cha gauni kama yeye.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea, alipochumbiwa, Mama Kesho aliapa kuwa huyu wake hatavaa kitu kilichowahi kuvaliwa na mtu mwingine. Gauni angelishona mwenyewe. Lesi ya kifuani aliibuni na kuifuma kwa mkono, majani madogo yanayotambaa kutoka bega hadi bega. Ikabaki shingo. Kila kidani alichokikuta madukani kiligombana na ile lesi: ama kinametameta mno, ama kizito kama mnyororo wa baiskeli. Alitaka kidani kianzie pale lesi inapoishia, majani yaleyale, ila ya fedha.

Mdogo wake, mpambaji wa maharusi mwenye saluni mlango wa pili, ndiye aliyemwonyesha ukurasa wa sonara mmoja wa ng'ambo. Alikuwa mwanamke anayekunja waya wa fedha mwembamba kama unywele mpaka unakuwa ua au ndege. Picha zake hazikuonyesha uso, mikono tu. Mikono ya mtu mzima, kucha fupi, vidole vyenye alama za moto. Mama Kesho aliitazama kwa muda, kisha akasema huyu si muuzaji, huyu ni fundi.

Waliandikiana kupitia simu, na simu ndiyo iliyowatafsiria. Maneno ya sonara yalifika katika Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi. "Mpendwa mteja, ninaliheshimu jani lako," yalisema ya kwanza, na mpambaji alicheka hadi wanja ukamchuruzika. Mama Kesho alituma kipande cha lesi kwa posta. Kilipofika, sonara aliuliza swali moja: jani la karibu na bega la kushoto limeinama kuliko wenzake, alinyooshe au aliache?

Mama Kesho hakutegemea mtu angeliona. Jani lile alikuwa ameliinamisha makusudi, lifunike kovu la chai iliyommwagikia binti yake utotoni. Alimweleza. Sonara akajibu kuwa lake pia ataliinamisha, ili fedha na uzi vilifiche kovu kwa pamoja. Tangu siku hiyo wakaitana dada. Walitumiana picha za meza zao za kazi, wakaulizana hali, na Mama Kesho akamlipa bila wasiwasi, akatulia.

Kisha kazi ikaanza kusuasua. Sonara aliandika kuwa macho yake yanachoka, akaomba subira. Mama Kesho aliposoma alicheka peke yake. Sababu ya macho! Wiki ileile alikuwa ameitumia kwa mteja aliyekuja kuchukua gauni ambalo bado lilikuwa kitambaa kwenye rafu. Alijibu kwa upole, lakini shaka ilikuwa imeshaingia. Mwizi huona kila mtu mwizi, na fundi mwenye ahadi za upepo huzisikia hata pale zisipokuwepo.

Baada ya hapo sonara alinyamaza kabisa. Mama Kesho alituma salamu, akatuma swali, akatuma ombi. Hakujibiwa. Harusi ilikuwa inabisha hodi. Binti yake alimsihi asubiri, akasema mtu aliyeuliza habari za jani moja hawezi kuwa tapeli, na kidani kisipofika ataolewa shingo tupu na ndoa itasimama vilevile. Lakini saluni ilikuwa na maneno matamu zaidi. Kila mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti cha kupambwa alikuwa na kisa cha kutapeliwa mtandaoni, na kila kisa kilimwongezea Mama Kesho hasira. Mwishowe mpambaji alisema ukinyamaza, kesho ataliwa mwingine, na ukurasa wa saluni yake una wafuasi wengi kuliko watu wa mtaa huu.

Mama Kesho alikaa mbele ya cherehani, mpambaji akashika simu. Mama Kesho alieleza alivyoamini, alivyolipa, alivyopuuzwa. Alitaja jina la duka la sonara, akaonyesha picha ya ile mikono. "Itazameni vizuri mikono hii," alisema. "Ni mikono ya mwizi." Hakuwa amepanga kusema hivyo. Ulimi hauna mfupa, na neno lile lilipotoka lilimkaa vizuri mdomoni.

Video ilisambaa. Watu wasiomjua, hata wa nchi nyingine, waliingia kwenye ukurasa wa sonara wakamtukana kwa lugha ambazo Mama Kesho hakuweza hata kuzisoma. Wateja walimpongeza dukani. Kwa siku kadhaa alitembea kifua mbele, na binti yake aliyekuja kupima gauni alisimama kimya mbele ya kioo, akaligeuza bega kila alipoambiwa ageuke.

Ndipo kifurushi kikafika.

Kilikuwa kidogo, kimefungwa kwa nguo ndani ya nguo. Mama Kesho alikifungua juu ya meza ya kukatia, mpambaji akichungulia begani kwake. Kidani kilikuwa kama lesi yake imepigwa na baridi ikaganda. Kila jani lilikuwa na mishipa yake, na lile la kushoto limeinama kwa adabu kama mtu anayesalimia mkubwa wake. Alikisogeza kwenye gauni alilovishwa mwanasesere wa dukani. Hakuona uzi unapokoma wala fedha inapoanzia.

Mpambaji alisema, kwa sauti ndogo, kwamba basi afadhali, pengine ile video ndiyo iliyomtia hofu akatuma. Mama Kesho aliigeuza bahasha ya kile kifurushi. Muhuri wa posta ulikuwa wa kabla ya video.

Alipiga simu ya duka. Ilipokewa na mwanamume, mtoto wa sonara, na wakazungumza kwa lugha ya tatu ambayo wote wawili waliijua kwa kubahatisha. Mama Kesho alisema amepokea kidani na anashukuru. Yule kijana akauliza kama yeye ndiye fundi cherehani mwenye video. Alikiri.

Kijana hakufoka. Alieleza tu, taratibu, akitafuta maneno. Jicho moja la mama yake lilikuwa limeanza kufa, na la pili lilikuwa linalifuata. Daktari alimkataza moto na waya mwembamba. Aliwarudishia wateja wengine wote pesa zao, akabakisha kazi moja, kwa sababu ilikuwa ya fundi mwenzake na ya harusi ya binti. Siku alizokuwa anaona vizuri alifanya kazi. Siku ambazo haoni alingoja. Alipomaliza alimpa mwanawe akaipeleke posta, yeye akaenda kulazwa kwa upasuaji, na katika pilikapilika za hospitali hakuna aliyekumbuka kushika simu ya duka. Matusi yalipoanza kuingia, kijana ndiye aliyeyasoma. Akaufunga ukurasa.

"Bado ana bandeji, hajui lolote," alisema. "Kila siku ananiuliza kama bibi harusi amekipenda. Naomba kitu kimoja. Nitumie picha ya mwanao akiwa amekivaa, na usimwambie mama habari za video. Mwache apone."

Mama Kesho aliahidi.

Jioni ile aliifuta video. Akarekodi nyingine, bila kumwomba mpambaji, akasema kuwa alimpaka matope mtu mwema na kuwa mwenye kosa ni yeye. Walioitazama walikuwa wachache, na baadhi yao waliandika kwamba bila shaka amelipwa aseme hivyo. Ile ya kwanza, ingawa aliifuta kwake, ilikuwa imeshanakiliwa na watu wengine, na iliendelea kutembea peke yake. Maji yalikuwa yamemwagika. Binti yake alipoambiwa yote alilia, kisha akamfuta mama yake machozi kwa ncha ya shela, na Mama Kesho akaona ingekuwa afadhali agombezwe.

Harusi ilikuwa nzuri. Watu walikisifu kidani kabla ya kumsifu bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe akatania kuwa sasa anajua yeye ni wa pili. Katikati ya shangwe, mama mmoja aliyewahi kuwa mteja alimwinamia Mama Kesho akauliza kama hiki si kile cha yule tapeli. Meza nzima ilimgeukia. Hapo ndipo angesema. Alitabasamu, akajibu kwamba hatimaye kilifika, akamsogezea yule mama soda. Neno "hatimaye" lilimkereketa kooni usiku mzima kama mwiba wa samaki, kwa sababu kidani hakikuchelewa hata siku moja.

Picha alizituma. Majibu yalikuja baadaye sana, kwa Kiswahili kilekile cha pasi. Sonara alisema bandeji imetolewa, jicho moja limeokoka, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni shingo ya bibi harusi. Alisema amefurahi. Kisha akaongeza kwamba anashangaa, tangu arudi nyumbani hakuna mteja wa zamani hata mmoja aliyemuuliza hali. Pengine watu husahau upesi.

Mama Kesho alisoma mstari huo mara nyingi. Alikuwa amemwahidi kijana kuwa atanyamaza mpaka mama yake apone, na sasa alikuwa amepona. Alijua pia kuwa ile ahadi ilikuwa imemfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Aliomba wazungumze kwa video, kijana akiwa mkalimani.

Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa sonara. Mwanamke mwembamba, mvi zimesukwa nyuma, miwani nyeusi upande mmoja. Alitabasamu na kupunga mkono kwa nguvu, kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Walisalimiana, wakaulizana habari za maharusi. Kisha Mama Kesho akamwambia kijana, "Nataka umwambie."

"Hapana," alijibu kijana. "Tulikubaliana."

"Anadhani watu wamemsahau. Hawakumsahau, mwanangu. Mimi ndiye niliyewafukuza. Mwambie."

Kijana alitazama pembeni. Mama yake, aliyekuwa akiwatazama wote wawili, aliacha kutabasamu na kumgusa mwanawe mkono, akimuuliza kitu. Kijana alizungumza kwa muda mrefu. Mama Kesho hakuelewa hata neno, lakini alilifahamu lile lililohusu mikono, kwa sababu sonara aliinua yake akaitazama.

Alipojibu, alijibu kwa maneno machache, na kijana akayatafsiri bila kuinua macho.

"Anasema, mteja angemtukana, angesahau. Wateja hawajui. Lakini wewe ni fundi. Anauliza, ulipoambiwa macho yanauma, kwa nini hukuamini?"

Mama Kesho angeweza kusema harusi ilikuwa karibu, au kwamba mdogo wake alimchochea, na yote yangekuwa kweli.

"Kwa sababu mimi huwa nasema hivyo," alijibu, "na huwa ni uongo."

Kijana alitafsiri. Sonara aliinamisha kichwa kama mtu aliyelipata jibu alilolitafuta, akasema neno moja, akainuka kwenye kiti. Picha ikabaki na ukuta mtupu. Mama Kesho aliuliza amesema nini. Kijana alisema mama yake amechoka, kisha naye akaaga.

Usiku ule Mama Kesho aliandika kuomba msamaha, mara moja tu; aliona kuomba kila wakati ni kumdai mtu aliyekwisha kuibiwa. Lakini kila Ijumaa, akifunga duka, alituma salamu fupi: dada, hujambo, jicho linaendeleaje. Hazikujibiwa. Mpambaji alimshauri aache kujidhalilisha, na Mama Kesho akamwambia, bila ukali, kwamba kila mmoja wao ana deni lake kwa sonara, na hivi ndivyo yeye anavyolilipa lake. Wakati mwingine, akiwa na kitambaa mapajani, aliiona ile mikono ikiinuliwa na mwenyewe akiitazama, na mguu wake ukasahau kukanyaga cherehani.

Mvua zilipita, likaja joto. Binti yake alikuwa ameanza kuchukia harufu ya vitunguu, na mtaa ulishakisia sababu. Siku moja, katikati ya kumpima mteja kifua, simu ililia juu ya meza. Mama Kesho aliiona lugha ile ngeni, akabonyeza itafsiriwe, futi bado imemning'inia shingoni.

"Jicho linaendelea vizuri," ilisema. "Mwanao hajambo?"

Mteja aliuliza kama kuna msiba. Mama Kesho alitikisa kichwa, akajifuta uso kwa kiganja, na kabla ya kuendelea kupima aliandika kwamba hajambo, na kwamba ni mjamzito.