Nyumba ya Mwisho Katika Orodha

Mwezi wa Desemba, Seweryn Gawlas hakuwa na nafasi hata ya kupumua. Kanisa zima la kijiji cha Jaworki lilimwegemea yeye, mpiga kinanda wake. Kulikuwa na misa ya alfajiri kila siku, ile inayosaliwa kwa mishumaa kabla jua halijachomoza, watoto wakija na taa mikononi na theluji kwenye viatu. Kulikuwa na mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki. Na juu ya yote hayo kulikuwa na mikate. Huko kwao mpiga kinanda ndiye anayepeleka nyumba kwa nyumba mkate wa mkesha wa Krismasi, mweupe, mwembamba kama karatasi, uliokwisha kubarikiwa. Jioni ya tarehe ishirini na nne kila familia huumega mezani, huyu akimega wa yule, wakitakiana heri na kusameheana, na kabla ya hapo hakuna anayegusa kijiko. Mpiga kinanda naye hawezi kuuacha mlangoni na kwenda zake. Lazima aketi, anywe chai au kitu kikali zaidi, aulizwe habari za mgongo wake, afungiwe mayai au asali. Akikataa kuketi amewatukana wenyeji, na watalisema hilo mpaka Pasaka.

Nyumba zilikuwa mia moja arobaini na mbili. Seweryn alikuwa na miaka sitini na minne, goti bovu, na orodha aliyoiandika kwa mwandiko mzuri. Nyumba ya mwisho katika orodha ilikuwa ya dada yake, Leokadia. Hakuiweka mwisho kwa ubaya. Wa nyumbani haendi popote, ndivyo alivyojiambia, na wengi wazuri kuliko yeye wameshajiambia hivyo.

Leokadia hakuwa amekanyaga kanisani kwa miaka tisa. Mwanawe wa pekee, Tymek, aliangukiwa na mti msituni alikokuwa akikata magogo. Siku ya mazishi, padri wa wakati ule alipotamka kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, Leokadia aliinuka, akatoka, akamzika mwanawe bila kurudi ndani. Tangu siku hiyo alimpa Mungu mgongo. Kijiji kilinong'ona wee, kisha kikachoka. Seweryn alikwenda mara mbili kumshauri, akafukuzwa mara zote mbili, mara ya pili kwa mwiko.

Kwa hiyo alishangaa, wiki ya kwanza ya Majilio, majuma yale ya kungojea Krismasi, dada yake alipomsimamisha nje ya duka la mikate.

"Kaka, una dakika?"

"Dakika sina, lakini sema."

"Njoo ukae na mimi. Siku moja tu. Nataka kusali, na nimesahau jinsi ya kuanza." Alikuwa akitazama viatu vyake. "Usicheke."

"Nani kacheka? Mwendee padri Wit, si ndiyo kazi yake?"

"Yule mtoto? Atanipa kitabu nikasome. Mimi nakutaka wewe. Wewe ndiye uliyenifundisha, kitandani kwa bibi, ukinifinya kila nikikosea."

"Na ulikuwa unakosea kila siku, Loda."

"Basi njoo unifinye tena."

Seweryn alicheka, akambusu kwenye paji la uso. Katika ukoo wao walikuwa wamebaki wawili tu. Kwa miaka tisa alikuwa akiwaambia watu kwamba anamwombea dada yake, na sasa huyu hapa, kaja kwa miguu yake mwenyewe.

"Nitakuja," alisema. "Ngoja nimalize upande wa mtoni."

Upande wa mtoni ukaisha, ukaja upande wa kinu. Leokadia alimpigia simu.

"Leo?"

"Leo kwaya."

"Kesho?"

"Kesho nina nyumba kumi na moja, na kwa kina Burda hutoki chini ya saa nzima, unawajua."

"Kwa kina Burda unakunywa."

"Nakunywa kwa ajili ya parokia."

"Haya, parokia ikilewa utaniambia," alisema Leokadia, akakata simu.

Akampiga kalenda namna hiyo kwa wiki mbili. Si kwamba alimsahau. Kila akitoka nyumba moja na mayai mkononi alimkumbuka, akajisikia vibaya, akaongeza mwendo ili amalize upesi amfikie. Seweryn alikuwa mtu mwema kabisa. Hilo ndilo linaloudhi.

Juu ya kinanda chake kulikuwa na kioo kidogo, maana mpiga kinanda hukaa ameipa altare mgongo, na bila kioo hawezi kujua padri amefika wapi. Alhamisi ya wiki ya tatu, misa ya alfajiri ikiendelea, aliona katika kioo hicho kitambaa cha kijivu kichwani mwa mwanamke, benchi la nyuma kabisa, karibu na nguzo. Vidole vikamteleza akapiga sauti ambayo hakuna aliyeitunga, hata padri Wit akainua kichwa. Leokadia! Machozi yakamlengalenga.

Misa ilipokwisha watoto wakatoka na taa zao, wazee wakafuata, na kitambaa cha kijivu kikabaki benchini. Dada yake alikuwa amegeuza uso, akitazama juu, kwenye roshani ya kwaya. Lakini mtoto wa Burda alikuwa ameshawasha gari mlango wa nyuma ili wawahi nyumba za mlimani kabla theluji haijafunga njia. Seweryn akajiambia: Vizuri, amekuja mwenyewe, amevuka pagumu. Akashuka kwa ngazi za nyuma.

Ijumaa ikawa vilevile. Jumamosi pia. Siku hizo tatu alisimulia kwenye kila meza kwamba dada yake amerudi kanisani, na kila meza ilimpongeza.

"Ni sala zako hizo, mzee," alisema Burda akimjazia tena.

Seweryn hakukataa sifa, wala kinywaji.

Jumapili ilikuwa na misa nne, na kwa jinsi watu walivyojaa hakuweza kumtafuta yeyote kwenye kioo. Jumatatu alfajiri benchi la nyuma lilikuwa tupu. Baridi hii, aliwaza. Misa ilipokwisha akafunga kinanda, akaelekea ngazi za nyuma kama kawaida. Chini ya ngazi alisimama Genowefa, jirani wa Leokadia, bila glavu, mikono imemwiva kwa baridi.

"Bwana Seweryn, keti kwanza."

"Siketi, gari linaningoja. Kuna nini?"

"Leokadia hatunaye. Nilimpitia asubuhi hii tuje pamoja, nikamkuta kwenye kiti karibu na mlango. Koti kavaa, kitambaa kavaa, kiatu kimoja kiko mguuni na kimoja kiko mkononi. Daktari anasema moyo."

Seweryn akaketi kwenye ngazi. Nje, gari la Burda lilipiga honi mara moja, kisha likanyamaza. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Alikuwa anasali, Genia? Zile siku alizokuja. Alisali?"

Genowefa alikuwa mwanamke asiyejua kudanganya, na siku hiyo ingekuwa heri angejua.

"Nilimwuliza Jumamosi, tulipokuwa tumekaa humu mpaka msaidizi wa kanisa akaanza kuzima taa. Akaniambia, 'Bado. Namngoja kaka ashuke.'"

Walimzika Alhamisi asubuhi, siku yenyewe ya mkesha, na huku kila jikoni kijijini kukinuka uyoga na kabichi, watu walikuja wengi kuliko ilivyotegemewa. Seweryn alipanda kwenye roshani. Miaka arobaini na moja alikuwa amewapigia kinanda wafu wote wa Jaworki, mama yake akiwamo, Tymek akiwamo, na hakuna aliyedhani kwamba huyu hatampigia. Akawasha mashine ya upepo inayokipa kinanda sauti. Akatazama kioo. Jeneza lilikuwa dogo, padri Wit amesimama kando yake, anangoja. Seweryn aliweka mikono juu ya vitufe na mikono ikagoma. Hakuweza kumpa mgongo tena, hata kwa nusu saa.

Akazima mashine, akashuka, safari hii kwa ngazi za mbele, goti likimlilia kila hatua, watu wote wakigeuka kumwangalia. Akaketi benchi la nyuma karibu na nguzo. Mtu akakohoa. Mwishowe padri Wit akaanzisha wimbo mwenyewe, juu mno, na watu wakamfuata wakihangaika kama watu wanaosukuma gari kwenye tope.

Seweryn hakuimba. Alijaribu kusali na hakuna kilichokuja. Nyimbo elfu moja alizijua kwa moyo, za Majilio, za Kwaresima, za maziko, lakini bila vitufe chini ya vidole hakupata hata neno. Akaitafuta katika kumbukumbu zake siku moja, moja tu katika miaka ile tisa, aliyoketi akamtaja Leokadia mbele ya Mungu kwa jina. Alikuta mazoezi, ratiba na orodha. Ndipo alipoelewa, na maumivu yake yakawa makali kuliko ya asubuhi ile ya ngazi, kwamba hata angekwenda kwa dada yake asingekuwa na cha kumfundisha. Wangeketi jikoni wawili wao, wametazamana, hakuna anayejua kuanza. Na ingetosha. Masikini Loda, ingemtosha kabisa.

Makaburini, udongo ulipokwisha kurudishwa, Burda alimsogelea akizungusha kofia mikononi.

"Pole sana, mzee. Samahani, si wakati wake, lakini nyumba saba za juu hazijapata mkate, na jioni ndiyo hii."

"Mikate iko mezani kwangu. Mlango uko wazi, chukua ukawagawie."

"Na wewe? Mke wangu kasema usikae peke yako leo. Sahani yako ipo."

"Mshukuru. Nina shughuli kanisani."

"Shughuli gani, na misa mpaka usiku?"

Seweryn alikwisha kushika njia. Aliingia kanisani, ambako msaidizi alikuwa ameshafagia theluji iliyoletwa na viatu na kuondoka. Akarudi benchi lile la nyuma, akapiga magoti, goti zima na goti bovu. Akaanza Baba Yetu kwa sauti, polepole, mstari mmoja mmoja, jinsi mtoto anavyofundishwa. Kila mwisho wa mstari alinyamaza kidogo, akamwachia Loda nafasi aitikie, kisha akaendelea na unaofuata.